Maswali ya Wasomaji: Usilisugue Gobore la Babu

Toleo lililopita niligusia kidogo silaha za kale zilizolala majumbani kwetu, majambia, magobore, singe, mikuki ya wazee, nikaomba mwenye chochote aulize. Barua zimekuja nyingi na nyingi zinaanza vilevile, "nimekikuta kwa babu, nifanyeje". Nimechagua hizi chache.

Kaka habari za kazi. Tuna gobore la babu mzaa baba, limetundikwa ukutani tangu nikiwa mdogo. Mume wangu anataka alipige msasa, apake vanishi, amuuzie mtu mmoja wa mjini aliyetaja laki na nusu. Mi roho inasita. Ni la mwaka gani na hiyo bei ni sawa? (Msomaji, Tanga)

Dada, kabla ya bei na kabla ya mwaka, kwanza hakikisheni halina kitu ndani. Wazee wengi walikuwa wanalishindilia gobore baruti na marisawa wakaliacha tayari kwa ajili ya nguruwe au chui, mzee akafariki, watoto wakalitundika hivyohivyo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, inaweza kukaa miaka mia na bado ikalipuka. Kwaiyo fanyeni hivi, mdomo wa mtutu uelekee mahali pasipo na mtu na wewe mwenyewe usikae mbele yake, chukua ufito mwembamba wa mti, si chuma, uusukume taratibu mpaka ugote, weka alama ya penseli pale ufito unapotokea mdomoni. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje alama ikiwa sambamba na mdomo, alafu tazama ncha nyingine imefika wapi. Ikifika karibu kabisa na kale katundu ka kuwashia, li tupu. Ikiishia vidole vitatu vinne kabla, kuna mzigo ndani, liwekeni chini, msichokonoe, waiteni polisi.

Na polisi mtawahitaji tu, manake kwa sheria zetu gobore ni silaha, linataka kibali hata kama ni pambo la ukutani. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha watu wasalimishe silaha bila kushtakiwa, lakini msingoje, mwende mkaulize sasa mkiwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anayeijua familia. Kumuuzia mtu wa mjini kienyeji ndo kujitafutia kesi wote wawili.

Haya, umri. Tazama ubavuni kwenye bamba la chuma pale penye nyundo. Ikiwa nyundo inabana kipande cha jiwe, hilo ni gumegume, ikiwa inapiga juu ya chuchu inayovishwa fataki ni la teknolojia ya baadaye kidogo. Tafuta mihuri. Ukiona neno TOWER na taji usikimbilie kusema lilikuwa la jeshi la Waingereza, sababu mafundi wa Birmingham na wa Liège kule Ubelgiji waligonga neno hilo kwenye bunduki za biashara ili ziuzike. Ukiona duaradufu ndogo yenye herufi ELG, hapo umeshika kitu cha uhakika, huo ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, na kama juu yake kuna taji basi mtutu ulikaguliwa mwaka 1893 au baada yake.

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanaona gumegume wanasema "hii ya miaka 300". Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu ziliachiwa nafasi. Kwaiyo viwanda vya Ulaya viliendelea kututengenezea sisi bunduki ambazo majeshi yao yenyewe yalishaziacha miaka mingi nyuma. Gobore lenu linaweza kuonekana la kale sana kumbe limeletwa wakati reli ya Tanga inajengwa. Hilo halilipunguzii kitu machoni mwangu, tena linatueleza jinsi tulivyopangiwa nani ashike nini.

Msasa, hapana. Vanishi, hapana kabisa. Ile rangi ya kahawia nyeusi juu ya chuma ndo ngozi yake, ukiitoa umefuta mihuri na umri kwa pamoja, na mkusanyaji yeyote anayejua kazi yake atalikwepa. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta mepesi ya cherehani kidogo sana kwenye chuma. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni, yanaganda na kuchacha na kushika uchafu. Hiyo laki na nusu mimi siisemei chochote, manake kitu chenyewe hamjui bado ni nini, ila mwambie shemeji kwamba anayekuja na bei kabla hamjauliza huwa anajua kitu ambacho nyie hamjui.

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja naishi Muscat. Marehemu mume wangu ameacha jambia la babu yake, ala ya fedha, mpini nimeambiwa wa pembe ya kifaru. Mwanangu yuko Uingereza anataka nimpelekee. Nitajuaje kama kweli ni kifaru, na naweza kusafiri nalo? (Bi mkubwa, Muscat)

Waalaykum salaam mama, pole sana kwa msiba. Nianze na safari sababu ndo yenye hatari. Usilitie kwenye begi. Pembe ya kifaru imo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, na hata kama mpini ni wa zamani kuliko mkataba wenyewe, kuuvusha mpaka kunataka karatasi kutoka mamlaka za mazingira, huko unakotoka na huko unakokwenda. Forodha wakilikamata bila karatasi halirudi. Mwambie mwanao avumilie, umpelekee picha nzuri kwanza.

Kulijua: usikubali mtu aje na sindano ya moto akichome kipini, wapo wanaofanya hivyo na wanaacha kovu la milele. Chukua taa ya simu usiku, iweke nyuma ya ukingo mwembamba wa mpini. Pembe ya kifaru kwenye kingo inapitisha mwanga wa rangi ya kahawia kama asali, na ukiitazama kwa lenzi utaona nyuzinyuzi zimelala sambamba, na pale ilipokatwa kwa kukingama nyuzi hizo zinaonekana kama vidoadoa vilivyosongamana. Pembe ya ng'ombe au nyati inakwenda kwa matabaka, haina vidoa hivyo. Plastiki haina kitu, ni laini tupu na mara nyingi ina mstari wa kalibu. Hata hivyo neno la mwisho ni la mtaalamu.

Mpini usikufunge macho lakini. Tazama ala. Majambia ya Oman ncha ya ala inakunjika karibu pembe mraba, na pale juu penye mkanda kuna pete za fedha zilizofungwa kwa nyuzi za fedha zilizosokotwa, mtindo wa Saidi wa ukoo wa kifalme una pete saba. Hesabu zako. Geuza nyuma ya ala uone ngozi na mshono, huko ndo mafundi hawakuwa wanapamba na ndiko ukweli unakokaa, mshono wa mkono hauendi sawasawa na fedha ya zamani inalika pale inapogusana na mkanda. Majambia mapya ya kuuziwa watalii nyuma yake ni safi mno. UNESCO mwaka 2022 waliuingiza ufundi wa jambia la Oman kwenye orodha ya urithi, na hapo Muscat mafundi wa fedha bado wapo, mpelekee mmoja wa wazee alitazame, asilisafishe, alitazame tu. Na usiliache jambia ndani ya ala mwaka mzima, ngozi inashika unyevu na chuma kinaliwa humohumo.

Niaje mzee. Mi ni wa upande wa Taveta, huku tunaokota maganda ya risasi za vita vya kwanza, vifungo, na juzi nimepata chuma cha duara kizito kina mikatomikato na kijiti juu. Nataka kuanza kakiosk ka kuuzia watalii. (Msomaji, Taita Taveta)

Kijana hicho cha duara kiache, kama umekileta nyumbani toka nje na wenzako wote sasa hivi upige simu polisi. Usikirudishe ulipokitoa, usikitie kwenye maji, usikiguse tena. Bomu la mkono halihesabu miaka.

Maganda nayo usiyachukulie rahisi. Risasi yenye kichwa bado ni risasi mbele ya sheria. Kuhusu vitu vya kale, sheria ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwaiyo ganda la 1916 halimo kwa kigezo hicho, lakini uwanja wa vita wenyewe unaweza kuwa umelindwa na kuchimba ni jambo jingine kabisa. Nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa uwaulize, wanapenda vijana wanaokuja kabla ya kuitwa.

Alafu jifunze kuyasoma, manake ganda lililosomwa ni tofauti na chuma chakavu. Geuza kitako. Likiwa na ukingo uliotokeza nje na namba za Kirumi VI au VII, hilo ni la Mwingereza, .303, mara nyingi na herufi ya kiwanda, K ni Kynoch, na tarakimu mbili za mwaka. Halina ukingo ila lina mfereji umezunguka kitako, hilo ni Mauser la milimita 7.9 la Mjerumani, nalo lina mwezi na mwaka. Ukipata nene la milimita 11, shika kwa heshima, hilo lilitoka kwenye bunduki kuukuu za modeli ya 71 walizokuwa nazo maaskari Waafrika wa Wajerumani mwanzoni mwa vita, zilizotumia baruti nyeusi, askari akipiga moshi unapanda na adui anaona amejificha wapi. Sasa fikiria: vita vya kilima cha Salaita huko kwenu, tarehe 12 Februari 1916, ganda limelala upande gani wa kilima? Ukiliokota bila kuandika mahali, swali hilo limekufa. Ndo maana nawasihi picha kwanza, mahali liandikwe, mkono baadaye.

Shikamoo. Kwetu tuna ngao ya ngozi na mikuki miwili ya babu wa babu, inasemekana alipigana Maji Maji. Amekuja mgeni anataka kununua kwa dola. Ndugu wamegawanyika. (Msomaji, Songea)

Marahaba. Msiuze. Najua dola ni dola na ada za watoto hazingoji, lakini nitasema tena, msiuze.

Songea hapohapo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, Nduna Songea Mbano naye aliuawa katika siku hizo, na silaha nyingi za vita ile zilibebwa kwenda Berlin, mpaka leo zimo kwenye makumbusho yao. Rais wa Ujerumani alikuja hapo Novemba 2023 kuomba msamaha, serikali zinaongea kuhusu kurudisha vitu, na sisi huku tuuze vile vichache vilivyobaki mlangoni? Kisheria pia, kuuza vitu vya kale na kuvitoa nje ya Tanzania kunataka kibali cha Malikale, idara ya serikali ya mambo ya kale, na mgeni anayekuja na dola mfukoni bila kutaja kibali anajua anachokifanya.

Makumbusho ya Maji Maji yapo hapo mjini, nendeni mkazungumze nao kuhusu kuwaazima, si kuwapa, muandikishane na jina la familia likae kwenye kibao. Na wiki hii hii, kabla ya lolote, mkalisheni mzee aliyebaki mumrekodi kwa simu, nani alimpa nani, alizikwa wapi, kama ngao ina pengo lilitokana na nini. Ngozi ikinyauka inaweza kutunzwa, maneno ya mzee hayana mtunzaji. Ngao msiipake mafuta, iwekeni kivulini mbali na moshi na panya, ilale, isitundikwe kwa msumari.

Babu alienda Burma. Tuna nyota mbili na medali moja, hazina jina. Ni feki? (Msomaji, Kakamega)

Si lazima. Nyota za vita vya pili walizopewa askari wa upande wetu mara nyingi hazikugongwa jina, tofauti na medali za vita vya kwanza ambazo jina na namba hukaa ukingoni. Burma Star imeandikwa jina lake kwenyewe, utepe wake ni buluu iliyoiva na mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa buluu umepitiwa katikati yake na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Ile ya duara kama ina simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal ya 1939–1945. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndo ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria, tafuteni namba ya utumishi ya babu kwenye karatasi zozote, hata barua ya pensheni, ndiyo itakayowaunganisha na kumbukumbu. Brasso msiguse.

Mi sina babu wa gobore wala hela. Naweza kukusanya nini? (Msomaji, Tabora)

Wewe uko mahali pazuri kuliko wote. Mwaka 1916 Wajerumani wakiwa wamezingirwa bila meli za kuwaletea sarafu, waligonga za kwao hapo Tabora kwenye karakana ya reli, heller 5 na heller 20 (heller ni senti za rupia ya Wajerumani) za shaba, zina herufi T na mwaka 1916. Zile za heller 20 zilitoka nyingi na bado zinaibuka kwenye makopo ya bibi zetu, zimelika, zimegongwa vibaya, taji limekaa upande, na huo ubaya ndo alama ya karakana ya vitani. Ni historia ya vita unayoweza kuishika bila kibali cha bunduki. Ukiletewa ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, tulia, hiyo ndo inayoigizwa zaidi, ya kweli ina gramu 7 na kidogo, nenda kwa sonara mwenye mzani wa kuaminika, na asiyekubali ipimwe mbele yako muage uende zako.