Mila na Desturi za Modemu

SWALI: Nimekabidhiwa modemu ya zamani, kifaa cha kuunganisha kompyuta na nyingine kwa kupiga simu kwa laini ya mezani, pamoja na mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Hatua ya mwisho inasema: "Okoa mipangilio ya desturi." Je, sahihi ni kuokoa, kuhifadhi au kusevu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuhifadhi. Kuokoa ni kutoa hatarini: aliyezama huokolewa, jahazi huokolewa, na kipa huokoa mkwaju wa penalti. Mipangilio ya modemu haijazama popote. Inataka kuwekwa mahali isipotee, na kazi hiyo tumempa hifadhi, aliyetoka Uarabuni, ambaye tunamtumia kwa wanyama, kwa nyaraka na kwa Kurani iliyokaa kifuani mwa mtu. Hilo limekwisha.

Ila ndugu yangu, umelikamata neno lenye kosa dogo ukaliachia lenye kosa kubwa lipite. Desturi!

Desturi, neno lenye asili ya Kiajemi, ni jambo lililozoeleka, linalofanywa na wengi, tena kwa muda mrefu. Waingereza wana neno moja, "custom", lenye maana hiyo na nyingine iliyo karibu kinyume chake: kitu kilichotengenezwa kwa matakwa ya mtu mmoja. Mtafsiri alifungua kamusi, akakuta maana ya kwanza, akaifunga. Matokeo yake tunayaona kila tukishika simu au kompyuta: "mlio wa desturi", "ukubwa wa desturi", "rangi ya desturi". Hebu nenda kwa fundi cherehani ukamwagize "suti ya desturi". Akiwa mstaarabu atakuuliza, desturi ya wapi? Akiwa na haraka atakushonea kanzu. Wewe ulitaka suti ya vipimo vyako: bega lako lililoshuka, tumbo lako usilotaka litajwe, mfuko wa ndani upande wa kushoto. Yeye amekupa vazi ambalo nusu ya waalikwa harusini watakuwa wamelivaa. Na ukigomba, fundi ndiye mwenye haki, maana Kiswahili amekielewa.

Kwenye modemu mchezo huu una hasara. Msome mtafsiri wako kwa Kiswahili cha kawaida: mipangilio ya desturi ni ile ya siku zote, aliyoiweka mtengenezaji. Modemu zinazofuata amri za kampuni ya Hayes, ukoo ulioanza na modemu yake ya Smartmodem ya mwaka 1981, kwa kawaida huirudisha mipangilio hiyo kwa AT&F. Amri ya kuhifadhi ya kwako ni AT&W. Kwa hiyo msomaji mtiifu, anayeamini kila neno lina maana yake, atapiga &F na kufuta palepale alichokuwa amekipanga bila kukihifadhi. Kosa la herufi moja, lililoletwa na mtu asiyejua tofauti ya mazoea na matakwa.

Mwongozo ungetosha kusema hivi. Fungua programu ya terminali, yaani ya kuiandikia modemu amri kutoka kwenye kompyuta, andika AT, bonyeza Enter. Modemu ijibu OK. Herufi ziwe kubwa zote au ndogo zote, maana modemu nyingi hazitambui At. Piga AT&F kwanza, ili ujue unaanzia wapi. Kisha weka unachotaka, mathalani ATX3S7=90M1. X3 huiambia isisubiri mlio wa laini kabla ya kupiga, jambo linalofaa pale mlio wa mtambo wa simu wa ofisi usipotambuliwa. S7=90 huipa sekunde 90 za kungoja modemu ya upande wa pili iitike. M1 huiacha spika ilie mpaka muunganisho ukamilike. Kagua kwa AT&V (kwenye modemu za USRobotics ni ATI4), ndipo uhifadhi kwa AT&W0. Kama modemu ina nafasi mbili za kuhifadhia, mara nyingi AT&Y0 ndiyo huamua nafasi ya 0 isomwe inapowashwa. Izime, iwashe, uliza ATS7? na jibu liwe 090.

Jibu likiwa jingine, &W haikupigwa, au modemu imesoma nafasi nyingine. Likiwa 090 hapo lakini mipangilio ikapotea kila unapopiga simu, mtuhumiwa ni programu ya kompyuta: nyingi hutuma AT&F kila zinapoanza. Ulichohifadhi bado kipo, kimefunikwa tu. Badala ya AT&F weka ATZ, inayorudisha ulichohifadhi, na iwe peke yake kwenye mstari wake, kwa sababu kinachoifuata Z hupuuzwa. Wala usiingize &W kwenye amri hizo za kuanzia; kumbukumbu ya modemu inayotunza mipangilio huvumilia kuandikwa mara kadhaa wa kadhaa, kisha huchakaa.

Sasa chukua kalamu, futa sentensi ya mtafsiri, andika: "Hifadhi mipangilio uliyoiweka." Ukipenda "mipangilio maalumu" sitakukataza, ingawa neno hilo nalo limebebeshwa kila mzigo, kuanzia viti bungeni hadi ofa za vocha. "Mipangilio yako" inatosha kabisa, na ni fupi.

Kuhusu kusevu, nimechoka kugombana nalo. Watu wanasevu namba, namba zinasevika, na anayeambiwa "isevu" anajua afanye nini. Kwenye maandishi rasmi nitalikata. Mazungumzoni nalivumilia, kwa shingo upande. Desturi, kwa maana ile ya mwongozo wako, sitaivumilia popote.