Namba unayoiona ni ya dakika 10 zilizopita

Kama una kisukari, sensa ya sukari unayobandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, haipimi damu. Kiuzi chake kimekaa chini ya ngozi, katika majimaji yanayozunguka seli, na sukari huyafikia majimaji hayo baada ya kupita kwenye damu. Kuchelewa huko kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10, mara nyingine hata 15. Anayeishi upande wa Tororo ataelewa haraka: mzigo ukishafika Malaba upande wa Kenya, haina maana kwamba duka la huku limeshaupokea. Malori yakipita kwa utulivu, pande zote mbili zinalingana. Yakija kwa mkupuo, hesabu haziwiani.

Ndiyo maana asubuhi kabla ya chai, kipimo cha damu ya kidole na sensa husema karibu kitu kimoja, nami huwa sina haja ya kujichoma. Shida huanza sukari inapokimbia: baada ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai yenye sukari, au unapopanda kilima cha Nakasero, Kampala, kwa miguu kutoka Old Taxi Park huku insulini ya mchana bado inafanya kazi.

Hapo usisome namba peke yake, soma na mshale ulio kando yake, unaoonyesha sukari inaelekea wapi. Chukua 5.6 kwa mashine zinazopima kwa mmol/L, yaani kama 100 kwa zinazopima kwa miligramu (mg/dL). Mshale ukiwa umelala, endelea na shughuli zako. Kwenye sensa ya FreeStyle Libre, mshale uliosimama ukielekea chini una maana sukari inashuka kwa zaidi ya 2 mg/dL kila dakika. Ukihesabu kuchelewa kwa dakika 10, damu yako huenda imeshafika 80, na dakika 10 nyingine zikipita bila kula uko 60. Chini ya 70, au 3.9, tayari sukari imeshuka mno. Kwa hiyo 5.6 ya namna hiyo ni ya kushughulikia, hasa kama uko karibu kuwasha pikipiki. Sensa ya Dexcom ina mishale yake, hata miwili kwa pamoja, kwa hiyo soma kijitabu cha sensa yako, usikopi maana ya mshale wa jirani.

Lakini mshale nao unatazama nyuma, kwa kuwa umehesabiwa kutokana na vipimo vya dakika zilizotangulia. Hili ndilo ninalowasisitizia watu wa nyumbani kuliko jingine lolote. Sukari imeshuka, umekunywa vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile isiyo ya "zero". Hiyo ni kama gramu 15. Damu imeanza kupanda, lakini simu inayopokea namba za sensa bado inalia na mshale bado uko chini. Shangazi anakuja na soda ya pili, mjomba na ndizi, na mtoto naye hataki kuachwa nyuma. Ukikubali vyote, baada ya saa moja sukari yako iko 15 na unatafuta insulini. Subiri dakika 15, kisha choma kidole. Kidole ndicho kitakachokuambia kama unahitaji gramu nyingine 15. Usiitegemee sensa katika dakika hizo.

Juu nako ni hivyo hivyo. Umejidunga insulini ya haraka kwa ajili ya matooke, na baada ya saa moja sensa inaonyesha 13. Insulini hiyo hufanya kazi kwa saa 3 hadi 5. Ukiongeza dozi nyingine kwa hasira tu, zote mbili zitakutana usiku wa manane. Kiasi cha kurekebisha zungumza na daktari wako, wala usikitafute kwenye makundi ya WhatsApp.

Stripu za kidole usiache kununua, hata kama sensa imekula bajeti yote. Jichome siku ya kwanza ya sensa mpya, maana hapo huwa haijatulia. Jichome pia mwili ukisema jambo moja na simu jingine: unatetemeka na kutoka jasho, lakini skrini inasema 6. Mimi huuamini mwili kwanza. Usiku, ukilalia mkono wenye sensa, namba inaweza kuporomoka ghafla kwa sababu ya kubanwa tu. Geuka, ngoja kidogo, kisha choma kidole kabla ya kuamsha nyumba nzima.

Na vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji? FreeStyle Libre 2 inaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli ukitumia zaidi ya miligramu 500 kwa siku, na kidonge kimoja mara nyingi kina 1,000. Mafua yakinibana ninakula chungwa, na ninalihesabu kama chakula.