Miguu ya Crown: kabla hujanunua spesa au shokapu mpya

Ninaendesha Toyota Crown Royal Saloon ya GRS180, injini ya lita 2.5, na wanaopanda nami huuliza nimeweka nini miguuni, yaani kwenye springi na shokapu zinazolibeba gari: spesa (kipande cha kuinulia gari), shokapu ngumu, springi fupi au koilova (springi na shokapu pamoja, zinazorekebishika urefu). Mimi huwarudishia swali: gurudumu lako lina nafasi kiasi gani ya kupanda na kushuka? Raha yote ya Crown iko hapo. Mbele ina mikono miwili (vyuma vinavyoshika gurudumu) kila upande, wa juu na wa chini, na nyuma ina mikono midogo mingi, ili tairi lifuate barabara huku bodi imetulia. Chochote unachotaka kununua, kipime hivyo. Kinailinda nafasi hiyo, au kinaila?

Nianze na spesa, maana ndiyo inayouzwa sana. Gari linakwangua tuta la mtaani kule Goba au Kinyerezi, fundi anasema "tuinue kidogo," na kabla ya jioni limesimama juu. Spesa ziko za namna mbili na madhara yake hayafanani. Ile inayowekwa kwenye kikalio cha springi inaivuta shokapu iwe karibu na mwisho wa urefu wake hata gari likiwa limesimama. Kwa hiyo gurudumu halina tena pa kushukia. Unapanda tuta vizuri, halafu upande wa kushuka unasikia kishindo kikali, kwa sababu shokapu imefika mwisho. Namna ya pili hukaa juu ya maunti ya shokapu (kishikio chake cha juu). Hiyo haiigusi safari ya shokapu (nafasi yake ya kufunguka na kujifunga), lakini inaisukuma mikono chini kuliko ilivyokusudiwa. Boljointi (kiungo kati ya mkono na gurudumu) inafanya kazi ikiwa imepinda, na nyuma shafti zinazozungusha magurudumu zinakaa kwa pembe kali hadi buti (mipira inayofunika viungo vyake) zinachanika, grisi inamwagika na vumbi linaingia. Tena shokapu ya mbele imefungwa kwenye mkono wa chini kabla ya kufika gurudumuni, kwa hiyo spesa ya sentimita 2 juu yake huliinua gari zaidi ya sentimita 2.

Sisemi uvumilie kukwangua. Ila kabla ya kuliinua, ujue kama limeshuka. Hizi Crown za mwaka 2003 hadi 2008 ni za umri mkubwa sasa, na springi zinachoka. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, gari likiwa mahali tambarare. Kama upande wa dereva uko chini kuliko wa abiria, au nyuma imelala, dawa ni springi mpya za vipimo vya kiwandani, na unaweza kushangaa urefu wote uliokuwa unautafuta umerudi. Baada ya hapo kama bado mtaa wako unakushinda, spesa nyembamba ya sentimita 1 naikubali, ikifuatiwa na alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu). Zaidi ya hapo, kwa Crown, hapana.

Jambo la bushi, ile mipira kwenye maungio ya mikono, lina pesa nyingi inayopotea bila mtu kujua. Mtu anasikia "ko-ko-ko" mbele, anaambiwa shokapu, anabadilisha zote nne, na kelele iko palepale. Mara nyingi ni linki za stabilaiza (vijiti vya kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) au bushi za mkono wa chini, vitu vya bei ndogo ukilinganisha na shokapu. Kwa hiyo mwambie fundi aanze na linki, halafu bushi, halafu boljointi, halafu maunti za juu za shokapu, na akuonyeshe kwa nondo kila kinachocheza.

Na akifunga bushi mpya, msimamie kwenye hatua hii. Bolti za mikono zikazwe mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake, siyo likiwa linaning'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira imeshikwa ndani na nje. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, unaposhusha gari mpira unabaki umejipinda muda wote, na kila tuta linazidi kuupinda. Unachanika mapema sana, halafu lawama inakwenda kwa muuzaji kwamba ameuza feki. Fundi anayelijua hili bila kuambiwa ni wa kumshika. Bushi ngumu za polyurethane zinadumu, na kwa gari la mashindano ningezikubali, lakini kwenye Crown zinaleta ndani ya gari mtetemo na milio ambayo Toyota walitumia nguvu nyingi kuizima. Mimi nabaki na mpira.

Matairi sasa. Wengi hawayahesabu kuwa sehemu ya miguu, na hapo ndipo badiliko la bei nafuu kuliko yote lilipo. Crown Athlete huja na rimu za inchi 18 na tairi 225/45, yaani upana milimita 225 na ukuta asilimia 45 ya upana huo. Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi hilo ni kama milimita 101. Royal Saloon yenye rimu za 16 huvaa 215/60, na ukuta wake ni milimita 129. Kipenyo cha tairi zima kinakaribiana kabisa, milimita 660 kwa 664, kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kuhangaisha. Umeongeza karibu sentimita 3 za mpira na hewa kati ya rimu na shimo, bila kugusa springi wala shokapu. Kama unapita Mikumi mara kwa mara, na yale matuta na rasta zake, utaijua tofauti siku hiyohiyo. Ila kama Athlete yako ni ya lita 3.5 yenye breki kubwa, jaribisha rimu moja mbele kabla ya kununua seti, au kaa kati kwa 215/55 ya rimu 17. Na upepo ujazwe kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumzie shokapu. Springi ndiyo inayobeba gari; kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kuruka. Kwa hiyo shokapu huchaguliwa kwa kufuata springi uliyonayo. Kwa springi za kiwandani, zile za gesi za KYB za daraja la kawaida zinarudisha gari kwenye hali yake, na kwa watu wengi huo ndio mwisho wa safari. Ukiendesha sana barabara kuu, umejaza watu na mizigo kwenda Dodoma au Iringa, na unaona bodi inayumba kwenye kona, panda ngazi moja. Bilstein, kwa mfano, wana B4 kwa anayetaka kama kiwandani, B6 iliyo imara zaidi kwa springi za kawaida, na B8 iliyofupishwa kwa springi za kushusha. Kuchukua B8 ukiwa na springi za kawaida ni kununua shokapu fupi isiyo ya gari lako. Lexus GS ya kizazi cha 2005 hadi 2011 ni ndugu wa karibu wa Crown hii, na baadhi ya spea zinaingiliana, lakini linganisha namba ya spea, usiamini neno "inakaa."

Kukata springi sikushauri hata kidogo. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa asilimia 20, na wakati huohuo umeipunguzia gari nafasi ya kupanda. Koilova ni nzuri kwa mwenye kuitunza. Nyuzi zake za skrubu za kurekebishia urefu zinakamatwa na vumbi na chumvi ya pwani, na zikishagandana, hiyo sifa ya kurekebisha urefu imekwisha.

Angalia pia kama Crown yako ina AVS, yaani shokapu zinazobadilisha ugumu kwa umeme: utaona waya unaingia juu ya shokapu. Ukiweka za kawaida, gari litatembea, lakini umeuza kitu kilichokuwa kinabadilisha ugumu chenyewe. Na kama ni Crown Majesta yenye mifuko ya upepo badala ya springi, tafuta fundi aliyewahi kuishika kabla hujakubali kubadilishiwa kuwa springi.

Shokapu zinunuliwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, nenda na namba ya chesisi na ile kuukuu mkononi, ulinganishe urefu zikiwa zimefunguka, na mipira ya juu ya kuzuia shokapu isigonge iwe mipya. Alaimenti fanya baada ya kuendesha siku chache, springi zikishakaa mahali pake, na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.