Mbona jicho la mbuzi haliinami na kichwa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nafuga mbuzi hapa nyumbani, sasa ule mstari mweusi kwenye jicho, mbuzi akisimama umelala, sawa. Akiinama kula majani, mdomo uko chini kabisa, lakini mstari bado umelala vilevile! Si ulitakiwa usimame wima? Au macho yangu ndo mabovu? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Macho yako mazima kabisa. Huo mstari ndo mboni yenyewe, na mbuzi akiinama jicho zima linajizungusha ndani ya tundu lake, la kulia linaenda huku na la kushoto kinyume chake, mpaka mboni inabaki sambamba na ardhi. Mwaka 2015 Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley na wenzake walieleza kwamba linaweza kuzunguka nyuzi 50 na zaidi. Hata sisi binadamu tunayo hii rifleksi, yaani mwili kujibu wenyewe bila wewe kuamua, ila ukilaza kichwa begani macho yanazunguka nyuzi chache tu, kwenye kioo huwezi kugundua kirahisi.

Anayeamuru hapo ni sikio. Kule ndani kabisa kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa vimekaa juu ya vinyweleo, kichwa kikiinama vijiwe vinavutwa chini, vinyweleo vinapinda, taarifa inafika kwenye shina la ubongo na misuli ya macho inavuta, mbuzi mwenyewe wala hana habari anaendelea kutafuna. Kuna pia mifereji mitatu yenye majimaji, lakini hiyo inashtuka kichwa kikiwa kinageuka, kikitulia nayo inatulia. Vijiwe ndo vinaendelea kusema “bado tumeinama”, kwa hiyo jicho linakaa hivyo muda wote anaokula.

Faida yake ni kwamba mboni iliyolala inamwonyesha eneo pana usawa wa ardhi, yaani kule kule fisi anakotokea, na muda wa kula ndo wa hatari zaidi jamani.

Ila ukiona macho yanachezacheza yenyewe kwenda na kurudi, hasa ukimgeuza kichwa au ukimlaza chali, na shingo imepinda upande, hiyo siyo kawaida. Inaweza kuwa sikio la ndani au ubongo, mfano ule ugonjwa Wamaasai wanauita ormilo, mbuzi anazungukazunguka tu, unatokana na minyoo ya mbwa. Mwite daktari wa mifugo mapema, na mbwa wako wape dawa ya minyoo.