Jibu: Usitoe Reviewed-by kwa pachi inayofuta msleep(100) kwenye draiva ya PCIe

Mkuu, hiyo Reviewed-by (sahihi yako kwamba umeikagua pachi na kuikubali) irudishe mfukoni kwanza. Umeuliza matatu: kama ni sawa kuifuta ile msleep(100), yaani usingizi wa milisekunde 100 kwenye draiva ya Linux ya PCIe (njia inayounganisha SSD na kadi nyingine na prosesa), "kwa sababu linki ishapanda na bodi inawaka haraka zaidi", kama MSI (vikatizo ambavyo kifaa hutuma kama ujumbe) zimepangwa vizuri, na kama binding (maelezo rasmi ya jinsi kifaa kinavyoandikwa kwenye devicetree, faili inayoieleza kerneli vifaa vya bodi) ikae pachi moja na draiva. La kwanza ndilo linalomaliza watu, kwa hiyo nakaa hapo.

Linki kupanda si kifaa kuwa tayari. Geti likifunguliwa haina maana chai imeiva. Ile biti kwenye rejista ya kontrola inasema tu kwamba pande mbili zimekubaliana kasi na idadi ya njia. Firmware iliyo ndani ya SSD huenda ndiyo kwanza inajinyoosha.

Kuna saa tatu hapa, na kila moja inaanza kuhesabu mahali pake. Umeme ukishatulia, PERST# (waya wa reset ya kifaa) ishikiliwe chini angalau milisekunde 100. Kwenye kerneli jina lake PCIE_T_PVPERL_MS. REFCLK (kloki ya rejea ya linki) nayo iwe imetulia angalau maikrosekunde 100 kabla PERST# haijaachiwa. Ya tatu ndiyo hiyo wanayotaka kuitupa: milisekunde 100 kabla ya kusoma usanidi wa kifaa kwa mara ya kwanza, PCIE_RESET_CONFIG_WAIT_MS. Mtego uko kwenye hii ya tatu. Poti isiyovuka 5 GT/s (gigatransfa kwa sekunde, kipimo cha kasi ya linki) inahesabu tangu PERST# ilipoachiwa. Poti inayoweza zaidi ya 5 GT/s inahesabu tangu linki ilipomaliza kupanda. Na kinachoangaliwa ni uwezo wa poti, wala si kasi iliyopatikana siku hiyo: kadi ya Gen 2 (5 GT/s) kwenye poti ya Gen 3 (8 GT/s), bado unahesabu baada ya linki. Fungua kifungu cha 6.6.1 cha Base Specification ya PCIe usome mwenyewe, usiniamini mimi, na zaidi sana usimwamini aliyeandika hiyo pachi.

Ukiwahi, nini kinatokea? Muda ukishatimia, kifaa ambacho bado kinajipanga kinaruhusiwa kujibu RRS (Request Retry Status), yaani "ningoje kidogo", na kerneli inakingoja hadi sekunde 60. Ukikiuliza kabla ya muda, hakina wajibu wa kukujibu chochote. Kerneli inasoma Vendor ID (namba ya mtengenezaji wa kifaa), inapata 0xffffffff, inaamua sloti ni tupu, inaendelea na safari. Hakuna mstari mwekundu popote. Kwa kontrola za DesignWare (muundo unaotumika kwenye chipu nyingi) utaona dmesg, kumbukumbu ya kerneli, inajigamba "PCIe Gen.3 x4 link up", halafu kimya; nvme, yaani hiyo SSD, haionekani. Ukipiga

echo 1 > /sys/bus/pci/rescan

SSD hiyo hapo, kana kwamba haikwenda popote. Ukiona hivyo acha kutafuta mchawi, ni ile saa ya tatu, ya milisekunde 100 iliyorukwa. Baadhi ya kontrola za arm64 hazina hata huruma hiyo: ombi lisilojibiwa linarudi kama SError (hitilafu nzito ya prosesa) na mashine inalala palepale.

Ubaya wake ni kwamba haitokei kwa SSD zote. Ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inapotea ukichomoa umeme na kuwasha upya, lakini ukifanya reboot ya kawaida ipo. Watu wanabadilisha regulator (kidhibiti umeme), wanachezea mipangilio ya PHY (saketi ya ishara za linki), wanamtukana fundi wa bodi. Kumbe ni mstari mmoja uliofutwa ili kuwaka kwenye maonyesho kuwe kwa haraka.

Na wa kulaumiwa wapo. Ni wale wahandisi wa chipu wanaokujibu kwa kujiamini kabisa, "tumejaribu kwenye bodi yetu, usingizi huo hauhitajiki". Bodi yenu ina SSD moja, wapendwa, na ninyi ndio mlioichagua! Halafu msimbo wao umejaa msleep(20), msleep(50), msleep(5) zisizo na maelezo, kama aliyeandika alikuwa anasinzia kila baada ya mistari mitatu.

Kwa hiyo sheria ni moja: kila usingizi kwenye draiva useme unangoja nini na unahesabiwa tangu tukio gani. Usiosema hivyo, haupiti. Chukua karatasi, fuata probe (kazi inayoendeshwa draiva inapoanzisha kontrola) kwa mpangilio: regulator, kloki, PERST# kuachiwa, LTSSM (sehemu ya kontrola inayopandisha linki) kuanza, kungoja linki, milisekunde 100, kisha pci_host_probe(), inayosaka vifaa. Halafu fuata resume (mashine inapoamka kutoka usingizini) vilevile. Wengi wanarekebisha probe na kusahau resume, na hitilafu inahamia kwenye laptopu iliyofunguliwa asubuhi. Linki isipopanda kabisa, usingizi huo hauna kazi, urukwe.

Wakilia kuhusu muda wa kuwaka, waambie waweke .probe_type = PROBE_PREFER_ASYNCHRONOUS. Probe italala upande wake na mfumo utaendelea kuwaka.

Ukiwa hapohapo kwenye PERST#, angalia mwelekeo wa GPIO, pini inayoiendesha. GPIOD_OUT_HIGH ni thamani ya kimantiki: kwa pini iliyoandikwa GPIO_ACTIVE_LOW, maana yake reset imeshikiliwa, na ndivyo probe inavyotakiwa kuanza. Kuna draiva zilizoandikwa kichwa chini, zikaoanishwa na devicetree yenye GPIO_ACTIVE_HIGH. Makosa mawili yakafutana, bodi ikafanya kazi. Anakuja mwenye bodi nyingine, anaandika ACTIVE_LOW kama inavyostahili, kadi yake inabaki kwenye reset milele. Na kurekebisha huwezi, maana devicetree zilizokwisha kusambaa ni mkataba. Ukigeuza draiva unavunja bodi za wenzako. Likamate sasa kabla halijaingia.

Kwenye hiyo pachi jibu hivi tu: "Poti hii inaweza 8 GT/s. Milisekunde 100 baada ya linki zinatakiwa na 6.6.1. Rudisha, tumia PCIE_RESET_CONFIG_WAIT_MS badala ya namba tupu, na uonyeshe resume inapita njia ileile." Wakikutumia matokeo ya benchi ya bodi yao, waulize SSD ngapi tofauti.

Binding iwe pachi peke yake na itangulie draiva. Ya MSI sijaigusa, najua. Bandika ile sehemu ya irq domain (inayopanga namba za vikatizo) hapa tuione.