Vidonge vya chuma na kikombe cha chai

SWALI: Nakimbia mita 10,000. Nilipimwa nikakutwa na upungufu wa madini ya chuma. Mwezi wa pili sasa nameza vidonge kwa chai ya maziwa, lakini pumzi bado inakata mapema. Niongeze dozi?

JIBU: Hapana, dada, ondoa chai kwanza. Tanini ya majani ya chai hunasa chuma tumboni, na kalisi ya maziwa huongeza kizuizi. Meza kidonge kwa maji na chungwa, asubuhi kabla ya mazoezi, kwa sababu saa chache baada ya kukimbia homoni ya hepsidini hupanda na utumbo hupokea chuma kidogo. Chai isubiri muda wa saa mbili baada ya kidonge. Tumbo likisokota, muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Ukirudi maabara, omba wapime feritini pia, yaani protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini; hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, peke yake hudanganya.