Hela za TASAF na uzazi: niliyoyaona Uru

Mkuu, umeuliza kama hela za TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa hela kaya maskini, zinawafanya kina mama wazae zaidi ili walipwe zaidi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Uru, juu ya Moshi mjini, na siku za malipo nashinda ofisi ya kijiji. Sijaona hata mmoja.

Piga hesabu. Nilipoanza, kaya yenye watoto wadogo wa kupelekwa kliniki ilipata shilingi 4,000 kwa mwezi, wawe mmoja au watatu. Nani abebe mimba kwa hela isiyoongezeka? Honduras waliwahi kulipa kwa kila mimba na kila mtoto kwenye PRAF, mpango wao wa hela kwa kaya maskini, na kweli watafiti walikuta uzazi umepanda. Zambia, mpango wa hela ulioanza 2010 ulilipa kaya zote kiasi kimoja, na uzazi haukupanda.

Kinachonikera ni kalenda. Malipo ni kila miezi miwili, sindano ya uzazi wa mpango ni kila mitatu. Kwa hiyo sindano moja inakutana na dirisha la malipo, yaani siku za kulipwa, inayofuata inaangukia katikati, wakati hela imeshakuwa unga na madaftari. Sindano ni bure, bodaboda si bure. Jirani yangu mmoja alikuwa anaificha kadi yake ya uzazi wa mpango ndani ya ndoo ya maharage, maana mumewe hataki kusikia habari hizo. Siku ya sindano ikifika hana kitu, amwombe nani nauli? Mume atauliza: "Unaenda kliniki kufanya nini, mtoto si mzima?" Akapitiliza wiki saba, mimba ikaingia. Mtoto wa mimba hiyo sasa anatambaa.

Dirisha moja la malipo, jirani huyo akapokea hela, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaninong'oneza: "Dada, twende sasa hivi, kabla sijafika nyumbani." Alitaka kijiti, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Zahanati ya kwanza wakatuambia vimeisha, mrudi wiki ijayo. Wiki ijayo kwa nauli ya nani? Tukapanda daladala hadi mjini, akawekewa cha miaka mitatu.

Wangekuwa wananisikiliza, nesi mwenye vijiti angekaa meza ya pili pale pale wanapolipia, mama asaini huku, akunje mkono wa gauni huku.

Jioni mumewe aliona bandeji mkononi. Akaambiwa ni chanjo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwepo na nikaitikia.